Uzi: Mkopo wa dola mia mbili Bukavu, tuhesabu kila kinacholipwa na si riba peke yake

Mshonaji_wa_Essence (mwanzisha uzi)

Ndugu wasomaji, naomba tujadiliane kwa utulivu juu ya jambo linalowagusa wengi wetu hapa Bukavu. Mtu anayehitaji kiasi kidogo, tuseme dola 200, na ambaye anajua tayari zinakwenda kufanya kazi gani na zitarudi lini, azikope wapi ili asije akafanya kazi msimu mzima kwa faida ya mkopeshaji?

Mimi ni mshonaji. Shule hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na wazazi huanza kutafuta sare, yaani shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, kuanzia mwisho wa Julai, ingawa wengi husubiri hadi wiki ya mwisho kabisa. Vitambaa lakini inafaa vinunuliwe sokoni Kadutu mwezi Juni, kwa kuwa kadiri Septemba inavyokaribia ndivyo bei ya jora inavyopanda. Kwa hiyo fedha inatoka Juni na kurudi Agosti au Septemba, na katikati yake naingiza tu kile kinachotokana na kutia viraka na kupunguza nguo za mitumba, kazi inayotosha kulisha nyumba na hakuna zaidi.

Jibu ambalo kila mtu analijua ni banki lambert. Kwa wasomaji walio nje ya Kongo, hao ni watu binafsi wanaokopesha bila ofisi wala kibali, na desturi yao ni riba ya asilimia 30 kwa mwezi, wengine hadi 50. Kwa dola 200, asilimia 30 ni dola 60 kila mwezi. Mtu akilipa riba peke yake kwa miezi mitatu na kurudisha deni lenyewe mwishoni, atakuwa ametoa dola 380. Akishindwa kulipa hata hiyo riba, huongezwa juu ya deni na kuzaa riba nyingine, na mwisho wa mwezi wa tatu anadaiwa dola 439 na senti 40. Sina haja ya kueleza ni mashati mangapi hayo.

Benki nimeziacha nje ya hesabu. Tangu zilipofunga milango hapa mjini mnamo Februari 2025, majuma machache baada ya zile za Goma, tumezoea kupanga mambo yetu bila hizo, na mwenye akiba humo anavuka mto Ruzizi kwenda Kamembe, Rwanda, kutafuta namna ya kuifikia. Linalobaki mbele yangu ni kikundi chetu cha AVEC, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, ambamo nina akiba ya dola 70, na ambacho kinakopesha kwa asilimia 10 kwa mwezi. Kila mtu ananiambia kwamba hiyo ndiyo njia nafuu. Mimi nikitazama asilimia 10 kwa mwezi, naona dola 60 kwa miezi mitatu juu ya dola 200, na nashindwa kuliita jambo hilo nafuu bila kusita. Je, ni nafuu kweli, au ni nafuu kwa sababu tu tunaipima kwa banki lambert?

Katibu_wa_Muso (Bagira)

Mama Mshonaji, swali lako ni zuri. Nianze na lile ambalo kikundi chako kinaweza kukupa na masharti yake, kwa maana watu wengi humu wanachanganya AVEC na MUSO, yaani chama cha mshikamano kama chetu.

AVEC ni mtindo ulioanzia Niger mwaka 1991, ukiletwa na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika nzima. Wanachama, kwa kawaida kati ya 15 na 25 au zaidi kidogo, wananunua hisa kila wanapokutana, kuanzia moja hadi tano. Fedha inawekwa katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti, na kila kitu kinahesabiwa mbele ya wote. Mwanachama anaruhusiwa kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na mkopo hurudishwa ndani ya miezi mitatu hivi. Kwa akiba yako ya dola 70, kikomo chako ni dola 210, kwa hiyo dola 200 unazipata bila kuomba upendeleo wa mtu. Mwisho wa mzunguko, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, sanduku linavunjwa na kila mmoja anachukua akiba yake pamoja na sehemu yake ya faida.

Hapo ndipo uangalie kalenda. Vikundi vingi vinavunja sanduku Desemba kwa ajili ya sikukuu, lakini vingine vinavunja Agosti kwa ajili ya karo za shule. Kama chenu ni cha Agosti, mikopo yote italazimika kurudi Julai, kabla hujauza shati hata moja. Tena majuma ya kwanza baada ya mgao sanduku huwa tupu, na anayehitaji wakati huo hana pa kukopa hata kama ni mwanachama mwaminifu kuliko wote.

MUSO ni tofauti. Sisi hatuvunji sanduku kila mwaka, na tuna masanduku matatu: la kijani, ambalo lina michango ya wanachama na ndilo linalokopesha; jekundu, ambalo ni la kusaidiana katika ugonjwa, msiba na uzazi; na la bluu, linalopokea fedha kutoka nje ya kikundi. Nimelitaja jekundu makusudi. Nimeona watu wakikopa kwa riba ili kulipa hospitali, ilhali kikundi chao kina mfuko wa mshikamano ambao wameuchangia kila juma na ambao ungewapa msaada usiorudishwa. Mkopo wa gharama ndogo kuliko yote ni ule ambao hukuhitaji kuuchukua.

Kuhusu asilimia 10 inayokusumbua, nadhani unasahau kwamba riba ya AVEC haimwendei mgeni. Inarudi kwenu wenyewe siku ya mgao. Unalipa kwa mkono wa kulia na kupokea kwa mkono wa kushoto.

Mhasibu_Mstaafu (Nguba)

Katibu ameeleza vizuri, ila sentensi yake ya mwisho naomba tuipitie polepole, kwa kuwa inasemwa katika kila kikundi na si ya kweli kwa kila mtu.

Tuchukue AVEC ya watu 25 wenye akiba sawa. Mama Mshonaji anakopa dola 200 kwa miezi mitatu na kulipa riba ya dola 60. Siku ya mgao dola hizo 60 zinagawanywa kwa watu 25, na yeye anapata dola 2 na senti 40. Dola nyingine 57 na senti 60 zimeenda kwa wenzake. Zingemrudia tu kama kila mmoja wa wale 24 naye angekopa kiasi kile kile kwa muda ule ule. Katika vikundi nilivyowahi kukagua daftari zake haikuwa hivyo hata kidogo: wachache wenye biashara wanakopa kila mara, na wengi wanaweka tu akiba na kusubiri Desemba. Mwisho wa mwaka wale wanaoweka wanasifu kikundi kwa faida nzuri, bila kujiuliza imetoka mfukoni mwa nani.

Silaumu mfumo huo. Mwenye akiba naye anastahili chake, kwa sababu bila yeye sanduku lingekuwa tupu. Ninachosema ni kwamba mkopaji asijifariji kwa fedha ambayo hairudi kwake. Gharama yake halisi katika mfano huu ni dola 57 na senti 60, na hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na nyingine.

Kuna njia ya kuipunguza bila kubadilisha kanuni. Vikundi vingi vinahesabu riba juu ya deni lililobaki. Ukirudisha theluthi moja ya deni kila mwisho wa mwezi, riba inakuwa dola 20, kisha 13 na senti 33, kisha 6 na senti 67, jumla dola 40. Lakini wewe umesema huna kinachoingia kabla ya Agosti, kwa hiyo nafuu hiyo haikufai, na kujilazimisha kuifuata kungekupeleka kukopa kwingine ili ulipe huku. Watu wanatazama asilimia na kusahau ratiba. Mkopo wa riba ndogo unaodai malipo kuanzia mwezi wa kwanza unaweza kumuumiza mshonaji kuliko mkopo wa riba kubwa zaidi unaosubiri Septemba.

Msomaji_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Hapa kwetu benki na taasisi za mikopo midogo ziko wazi, na nimepewa masharti yafuatayo kwa mkopo wa dola 200: asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi minne, ada ya kufungua faili asilimia 3, na amana ya dhamana asilimia 20 ambayo nitarudishiwa nikimaliza kulipa. Nimefurahi kuona asilimia 5 mahali ambapo Mama analipa 10. Je, nisaini?

Mhasibu_Mstaafu (Nguba)

Ndugu wa Katuba, kabla ya kalamu, uliza swali moja: asilimia 5 ya nini?

Ikiwa ni asilimia 5 ya deni linalobaki, na unalipa dola 50 za deni kila mwezi, riba yako ni dola 10, kisha 7 na nusu, kisha 5, kisha 2 na nusu, jumla dola 25. Ikiwa ni asilimia 5 ya dola 200 za mwanzo katika kila mwezi, hata pale ambapo umebakiza dola 50 tu, basi ni dola 10 mara nne, jumla dola 40. Asilimia ni ile ile kwenye bango, lakini tofauti ni dola 15. Mikopo midogo mingi huhesabiwa kwa njia hii ya pili, kwa hiyo usidhani. Omba ratiba ya malipo iliyoandikwa, yenye tarehe na kiasi cha kila mwezi, na ujumlishe mwenyewe.

Tuseme ni njia ya pili. Ongeza ada ya faili, dola 6, na gharama yote inafika dola 46. Sasa tutazame amana. Dola 40 zako zinakaa kwao tangu siku ya kwanza, maana yake katika mwezi wa kwanza una fedha yao dola 160 tu, mwezi wa pili 110, wa tatu 60, na mwezi wa nne, ambapo bado unalipa riba ya dola 10, una fedha yao dola 10. Jumlisha hizo nne, ni 340. Gawanya 46 kwa 340, utapata asilimia 13 na nusu kwa mwezi. Hiyo ndiyo bei ya fedha uliyokuwa nayo kweli mkononi. Ile AVEC ya asilimia 10 ambayo Mama Mshonaji anaitilia shaka ina bei ndogo kuliko hii, ingawa bango linasema kinyume chake.

Sisemi usisaini. Taasisi yenye kibali cha Benki Kuu ya Kongo ina faida zake: inaandika, inatoa risiti, haiji nyumbani usiku, na mkopo wa kwanza ukilipwa vizuri hufungua mlango wa mkubwa zaidi. Hakikisha tu kwamba jina lake limo katika orodha ya taasisi zilizoidhinishwa ambayo Benki Kuu huitangaza. Sisi wa Kivu tumewahi kuona vyama vya akiba vikifunga na kubaki na fedha za watu, na aliyeweka amana ni mmoja wa wanaosubiri mlangoni.

Uliza pia kama amana inaweza kukatwa kwenye malipo ya mwisho. Wakikubali, mwezi wa nne utalipa dola 20 na utakuwa umeondokana na usumbufu wa kuidai.

Msomaji_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nashukuru, Mzee. Nimeuliza: ni njia ya pili. Nitarudi kwenye kilimba chetu cha kazini, yaani mchango wa kupokeana kwa zamu. Niongeze onyo moja kwa wanaolipwa mshahara: hapa kuna wakopeshaji wanaoshika kadi ya benki ya mtu pamoja na namba yake ya siri, na siku ya mshahara wanachukua wenyewe kabla mwenye kadi hajaamka. Aliyetoa kadi hana tena uwezo wa kujadiliana hata kama ana hoja ya haki.

Mama_Mawese (Kadutu)

Nimesoma hesabu zote na ninazikubali, lakini naona wanaume hawa wawili wanamsaidia Mama Mshonaji kukopa dola 200 bila kumuuliza kama anahitaji dola 200.

Mama, wateja wako ni wazazi wa mtaani kwako. Waambie mwezi Juni kwamba atakayeleta nusu ya bei mapema atashonewa kwanza na kwa bei ya mwaka jana, na atakayekuja wiki ya mwisho atalipa bei ya wiki ya mwisho. Si wote watakaokubali, kwa sababu Juni fedha ni ngumu kwa kila mtu. Lakini wakipatikana wazazi ishirini wa kutoa arbuni ya dola 5 kila mmoja, hizo ni dola 100 zisizo na riba. Gharama yake ni punguzo unalowapa na heshima yako, kwa maana ukila arbuni na mtoto akaenda shule bila sare, mtaa mzima utajua kabla ya saa nne asubuhi.

Jambo la pili ni muuza vitambaa mwenyewe. Wapo wanaotoa jora kwa deni kwa mtu wanayemfahamu, na watu hufikiri kwamba deni la namna hiyo halina riba kwa kuwa hakuna aliyetaja riba. Uliza bei mbili. Jora likiwa dola 40 taslimu na 44 kwa kulipa baada ya mwezi, umekopeshwa kwa asilimia 10 kwa mwezi, sawa na kikundi chako, ila hapa hakuna kikao wala fomu. Na deni likikaa miezi mitatu kwa bei ile ile ya 44, umepata mkopo wa bei ndogo kuliko yote iliyotajwa humu. Mimi nachukua mafuta ya mawese kwa njia hiyo, na nimejifunza kuwa muuzaji wa jumla anajali zaidi tarehe kuliko senti.

La tatu ni noti zenyewe. Ukikopa dola taslimu, zikague moja moja mbele ya anayekupa. Noti yenye mpasuko wa milimita chache, ambayo kwingineko duniani ingepokelewa bila neno, hapa kwetu inakataliwa, na wabadilishaji wanainunua chini ya thamani yake. Ukipokea noti mbovu na ukatakiwa kurudisha safi, umelipa riba ambayo haikuandikwa popote.

Kijana_wa_Panzi

Shikamooni wazee wangu. Naona hakuna aliyegusa mikopo ya simu. Mtu mwenye akaunti ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money anaweza kutumiwa fedha na ndugu aliye Kinshasa au Ulaya kwa dakika chache, na zipo huduma za kukopa kwa simu bila dhamana. Kwa nini twende kwenye vikao vinavyochukua saa tatu nzima?

Mhasibu_Mstaafu (Nguba)

Kijana, simu ni njia nzuri ya kufikisha fedha. Kwa kukopa, tazama mambo mawili. Kwanza, ada mara nyingi hukatwa mapema: ukikopa dola 20 na kupokea 18, umelipa dola 2 kwa ajili ya dola 18, ambayo ni zaidi ya asilimia 11, na ikiwa muda ni wiki mbili, kwa mwezi ni zaidi ya 22. Pili, tangu noti zilipoadimika hapa mjini, mawakala wengi wanadai nyongeza yao kabla ya kukupa taslimu, nje ya ada ya kampuni. Tuseme ni dola 4 kwa kila 100: mkopo usio na riba kutoka kwa ndugu yako wa Kinshasa umekuwa na gharama ya asilimia 4 siku ile ile ulipoupokea.

Dawa ya hilo la pili ni kutotoa taslimu. Kama muuza vitambaa anakubali kulipwa kwa simu, fedha iende kwake moja kwa moja kutoka kwa anayekutumia.

Mwalimu_wa_Katindo (Goma)

Kutoka Goma nawaletea likelemba, ambayo naona imepitwa haraka. Watu kumi wanatoa dola 20 kila juma, na kila juma mmoja anachukua dola 200. Anayepokea juma la kwanza ametoa dola 20 zake na amekopeshwa 180 na wenzake, bila riba, kwa majuma tisa. Anayepokea mwisho amewakopesha wengine bila faida. Kwa hiyo mwenye hitaji kama la Mama Mshonaji aombe zamu ya mapema, na aombe wakati kikundi kinapoundwa, si wakati shida imekwisha kufika. Kasoro yake ameigusa Mzee: malipo yanaanza juma linalofuata. Kwa mtu mwenye kipato cha kila siku au cha kila mwezi ni sawa. Kwa mtu wa msimu ni vigumu.

Lakini nililotaka kusema hasa ni juu ya aina ya fedha, kwa maana katika uzi mzima tunahesabu dola kana kwamba wote tunalipwa kwa dola. Sisi walimu tunalipwa kwa faranga za Kongo. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Agosti mwaka huo ilikuwa karibu 2,500, na Benki Kuu ikapandisha riba yake kutoka asilimia 11 hadi 25 ili kuzuia faranga isizidi kuporomoka. Mwalimu aliyekuwa katika likelemba ya dola 20 alianza mwaka akitoa faranga 40,000 na kufika Agosti akitoa 50,000 kutoka katika mshahara ule ule. Hiyo ilikuwa nyongeza ya robo nzima, na hakuna mkataba ulioitaja. Kuanzia Septemba 2025 mambo yakageuka, faranga ikapanda thamani ghafla, na safari hii waliokuwa na madeni ya faranga na kipato cha dola ndio waliolia.

Ushauri wangu ni kwamba mtu akope kwa fedha anayoingiza. Mama, wazazi wanakulipa kwa faranga au kwa dola?

Mshonaji_wa_Essence

Kwa kweli wanalipa kwa zote mbili, Mwalimu. Shati moja hulipwa kwa faranga. Anayeshonea watoto wanne hulipa kwa dola.

Nimepanga hivi baada ya kuwasoma. Nitatafuta arbuni kwa wazazi ambao tayari nimewashonea, na sitegemei ishirini, labda kumi au kumi na wawili. Jora la bluu nitalichukua kwa muuzaji ninayemfahamu, kwa bei ya deni, mradi akubali tarehe ya mwisho wa Agosti. Jora jeupe, ambalo kila mwaka huisha haraka na ambalo hakuna anayelitoa kwa deni, nitalinunua taslimu kwa mkopo wa kikundi usiozidi dola 80. Kwa miezi mitatu, riba yake ni dola 24. Sanduku letu linavunjwa Desemba, nimehakikisha.

Nina maswali mawili. Deni la muuza jora liandikwe vipi? Na je, naweza kukiomba kikundi kipunguze asilimia 10?

Katibu_wa_Muso (Bagira)

Kuhusu karatasi, mama, iwe nakala mbili zenye maneno sawa, moja kwako na moja kwake, zikiwa na sahihi zenu na za shahidi mmoja wa kila upande. Iandike idadi ya jora na bei ya kila moja kwa tarakimu na kwa maneno. Aina ya fedha, na kama malipo ya faranga yanakubaliwa, ni kwa kiwango cha siku gani. Tarehe ya mwisho. Na nini kitatokea ukichelewa juma moja. Kifungu hicho cha mwisho watu huona haya kukiandika, na ndicho kinachovunja urafiki. Kila unapolipa sehemu, iandikwe kwenye nakala zote mbili siku ile ile. Na usiweke dhamana karatasi za kiwanja kwa deni la jora, hata ukiambiwa ni za kushikwa tu. Cherehani pia isiwekwe, kwa kuwa ikichukuliwa hutakuwa na njia ya kulilipa deni lenyewe.

Kuhusu asilimia, Mzee Mhasibu amenifanya nifungue daftari letu jana usiku, na nimekuta alivyosema: wakopaji wetu wakubwa ni wale wale saba. Nilichoandika juu ya mkono wa kulia na wa kushoto kinawafaa hao saba kidogo sana.

Mhasibu_Mstaafu (Nguba)

Unaweza kuomba, Mama, lakini usiombe sasa. Asilimia iliyopigiwa kura mwanzoni mwa mzunguko ndiyo iliyowafanya wenzako wanunue hisa, na kuibadilisha katikati ni kuwapunguzia walichoahidiwa. Subiri kikao cha kwanza baada ya mgao wa Desemba. Nenda na daftari, uonyeshe ni watu wangapi walikopa na kila mmoja alilipa riba kiasi gani, kisha pendekeza asilimia 5, au asilimia 10 kwa mwezi wa kwanza na 5 kwa miezi inayofuata. Wanaoweka akiba bila kukopa watauliza watapoteza nini. Wajibu kwa namba: kwa mkopo kama ule wa dola 200, ikiwa ni asilimia 5, kila mwanachama atapata dola 1 na senti 20 badala ya 2 na senti 40. Wengine watakataa, na ni haki yao. Lakini kikundi ambacho wakopaji wake wanahamia kwa muuza jora hakitakuwa na riba ya kugawana, na hoja hiyo nadhani wataielewa haraka.